MSAADA UFIKE MKONONI MWA MAMA

Leo fungua Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanarukwa chakula kikigawiwa. Mitume hawakuwaambia wavumilie na waombe. Walisimamisha watu saba washughulikie meza. Kwa hivyo usiniambie kwamba nani anapokea nini si jambo la kiroho.

Nawaza juu ya dada zetu wanaopigwa nyumbani. Sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani haitaji ngumi peke yake, inataja pia dhuluma ya kiuchumi. Sasa angalia Inua Jamii. Serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa familia zinazolea yatima na kwa wenye ulemavu mkubwa. Ni pesa kidogo, lakini kwa mama fulani hiyo ndiyo nauli ya kukimbia. Kama simu iko mfukoni mwa bwanake na PIN anaijua yeye, hizo 2,000 zimemsaidia nani?

Afisa wa ustawi wa jamii, chifu, na kamati yetu ya misaada, muulizeni mama akiwa peke yake: pesa unaishika mwenyewe? Unalala salama? Ukimuuliza bwanake akiwa ameketi hapo, atasema yuko sawa. Nawe utaandika "sawa" kwenye daftari uende zako.

Tena msaada usifungwe na masharti. Nimesikia watu wakisema, "Arudi kwake kwanza, ndio tumpelekee unga." Hapana! Dada aliyehamia kwa mamake bado ana watoto wanaokula. Najua mtaniandikia Malaki 2:16, kwamba Mungu anachukia kuachana. Someni mstari wote, jamani. Huo huo unamtaja mwenye udhalimu.

Dada, kama ni wewe, piga 1195, ni bure. Kituoni ulizia dawati la jinsia na fomu ya P3. Sheria inawataka polisi wakueleze kuhusu matibabu na mahali pa kujihifadhi, na mahakama inaweza kukupa amri ya ulinzi.

Na kuanzia Jumapili hii, kapu la kanisa litachukuliwa na mama mwenyewe, hata kama halali tena kwenye ile nyumba.