Shule mpya, nauli ya nani?

Na Rehema Kiwale

Shule mpya ya kata yetu imefunguliwa, nayo ni nzuri kweli. Ina maabara tatu, madirisha mapana, viti na meza ambazo bado zinanukia vanishi. Waliochimba msingi na kusomba mchanga ni wazazi wa watoto wanaosoma humo. Tatizo ni umbali.

Katika manispaa ndogo kama yetu, viwanja vya katikati vimekwisha na fidia ni ghali, kwa hiyo shule hupelekwa pembezoni, kwenye eneo lisilodaiwa na mtu. Mtoto wa mtaa wa sokoni anapanda daladala hadi stendi, anapanda nyingine hadi njia panda, kisha anamalizia kwa miguu.

Tupige hesabu. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Magari mawili kwenda na mawili kurudi ni 800 kwa siku, yaani 4,000 kwa wiki. Kabla ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 kufuta ada, mwanafunzi wa kutwa alilipiwa shilingi 20,000 kwa mwaka mzima. Leo fedha hiyo inaishia kwa konda ndani ya wiki tano. Mama anayeuza mchicha tumemwambia elimu ni bila ada, na kila jioni anahesabu sarafu za kesho.

Hapo ni kama konda atampokea mtoto. Nenda kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Gari linasimama, konda anaziba mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu!" Binti mwenye begi kifuani anasukumwa nyuma, gari linaondoka, la pili nalo vivyo hivyo. Akifika shuleni, namba imeshaitwa, na anaadhibiwa kwa kuchelewa. Bodaboda hana nauli ya mwanafunzi. Anayembeba binti bure kila asubuhi, kuna siku atadai malipo yake, na wazazi wa mji huu wanajua malipo hayo huwa ni nini. Mimba nyingi tunazozilaumu kwa utovu wa maadili zimeanzia kwenye lifti.

Eneo la shule huchaguliwa na halmashauri, leseni za njia za daladala hutolewa na LATRA, na barabara za mitaa ni za TARURA. Ofisi hizi tatu zikutane kabla jiwe la msingi halijawekwa: njia ya daladala ifike getini, barabara ipitike masika. Pasipowezekana, hosteli iingie kwenye bajeti moja na madarasa, isiachwe isubiri michango ya wazazi miaka mitatu baadaye.

Kwa shule yetu tumeshachelewa, lakini njia ya daladala bado inaweza kuongezwa muhula huu. Diwani wetu aipeleke hoja hiyo kwenye kikao kijacho cha baraza, na wazazi tujaze viti vya wasikilizaji.