Namba ya Gita ina mwenyewe

KURASA NA WATU
Na Zuhura Mwinyimkuu

Ni vitabu vichache vya miaka hii vilivyowagombanisha wasomaji kama The Tattooist of Auschwitz, riwaya ya Heather Morris iliyotoka mwaka 2018. Muulize aliyeisoma usiku kucha, atakwambia alilia mpaka macho yakavimba. Muulize mwingine, aliyezoea kusoma historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, atakwambia aliifunga kwa hasira kabla hajafika nusu. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, na wiki hii nataka kusema nimesimama wapi.

Kwa asiyekijua kisa: Lale Sokolov, kijana Myahudi wa Slovakia aliyezaliwa akiitwa Ludwig Eisenberg, anapelekwa Auschwitz mwaka 1942 na kupewa kazi ya kuwachora wafungwa wenzake namba mikononi. Siku moja anashika mkono wa msichana aitwaye Gita, na mapenzi yanaanzia hapo, katikati ya kambi ya mauaji. Wananusurika wote wawili, wanaoana, wanahamia Australia. Hao ni watu wa kweli. Gita alifariki mwaka 2003, na mwaka huohuo Lale, mzee wa miaka 87, akaanza kumsimulia Morris maisha yake. Morris, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifanya kazi hospitalini Melbourne, alimsikiliza mpaka mzee alipofariki mwaka 2006. Kwanza aliandika muswada wa filamu, kisha akaugeuza riwaya. Nakala zimeuzwa kwa mamilioni, na mwaka 2024 kisa kikafika kwenye televisheni.

Mwaka uleule riwaya ilipotoka, Makumbusho ya Auschwitz yalichapisha uchambuzi wa mtafiti wake, Wanda Witek-Malicka. Hukumu yake ilikuwa nzito: kama ushahidi wa yaliyotokea kambini, kitabu hiki karibu hakina thamani. Njia ambayo treni inamfikisha Lale kambini siyo. Gita anaugua tifasi, ile homa inayoenezwa na chawa, na Lale anampatia penisilini mwanzoni mwa 1943. Wakati huo penisilini ilikuwa ndiyo kwanza inatoka maabara za Waingereza na Wamarekani, na kiasi kilichopatikana kilielekezwa kwa majeshi yao. Hata ingepatikana, haitibu tifasi.

Halafu kuna namba. Riwaya inasema Lale alimchora Gita namba 34902. Gita mwenyewe, katika ushahidi aliourekodi na taasisi ya Shoah Foundation, alitaja namba yake kuwa 4562.

Hapo ndipo wasomaji hugawanyika. Wengi husema: namba ni namba, tuacheni tusome. Mimi siwezi kuiacha, na naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini.

Auschwitz ndiyo kambi pekee ya Wanazi iliyowachora wafungwa namba mwilini kwa utaratibu maalumu. Mwaka 1941 walianza na mateka wa Kisovieti. Walitumia muhuri wa chuma wenye sindano zilizopangwa kwa umbo la tarakimu, ukakandamizwa kifuani kwa pigo moja, kisha wino ukasuguliwa kwenye kidonda. Baadaye wakahamia kwenye sindano moja na mkono wa kushoto, nukta baada ya nukta. Watu kama milioni 1.3 walipelekwa pale. Walioandikishwa na kupewa namba ni kama laki nne. Wengi wa waliobaki, wakiwemo watoto, wazee, na akina mama waliobeba wachanga, walitolewa kwenye treni wakapelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi. Hakuna aliyehangaika kuwapa namba, kwa sababu hawakutarajiwa kuishi mpaka jioni. Waliokufa jumla yao ni kama milioni 1.1.

Kwa hiyo namba ilikuwa ni jina ulilobandikwa na adui baada ya kukunyang'anya la kwako, na papo hapo ilikuwa alama kwamba umeachiwa siku chache za kufanyishwa kazi. Ilionyesha umefika lini na kwa msafara upi. Walionusurika waliweza kutazamana mikono wakajuana nani ni wa mwanzo na nani ni wa mwisho. Namba ya tarakimu nne na namba ya tarakimu tano hazina historia moja. Gita alikaa na yake mwilini miaka na miaka, akaitaja kwa kinywa chake. Kumwandikia nyingine ni kumhamisha kwenye foleni nyingine, pamoja na wanawake wengine, siku nyingine.

Wanaomtetea Morris wana hoja, na sitaki kuidharau. Wanasema hii ni riwaya, na riwaya haiapishwi mahakamani. Wanasema Lale ndiye aliyeitaja namba hiyo, na mzee wa miaka 87 aliyefiwa na mke ana haki ya kukumbuka anavyokumbuka. Mwandishi naye amejibu kwamba hakudai kuandika historia ya kitaaluma. Msomaji mmoja wa rika la mama yangu aliniambia kwamba kabla ya kitabu hiki hakuwahi kujua Auschwitz ni nini. Sasa anajua, na wajukuu zake wanajua. Machozi yake hayakuwa ya bure.

Lakini kitabu kilichomfikia kilitangazwa kuwa kimejengwa juu ya kisa cha kweli. Kwa neno hilo alifungua moyo. Angeambiwa ni hadithi ya kubuni tangu mwanzo, huenda bado angelia, ila asingewafundisha wajukuu zake kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mzee hana lawama. Lawama ni ya waliokaa na maneno yake kwa miaka, wenye wahariri na fedha za uchapishaji, huku ushahidi wa mkewe ukiwapo kwenye rekodi. Ingetosha kurasa mbili tatu nyuma ya kitabu: hapa Lale alikumbuka hivi, Gita alisema vile, hapa nimebuni. Hakuna chozi ambalo lingekauka kwa hilo.

Sheria haiko sawa kwa vitabu vyote, nakubali. The Boy in the Striped Pyjamas ya John Boyne, ya mwaka 2006, haisimulii kisa cha mfungwa wa kweli, na bado mwaka 2020 makumbusho yaleyale yaliwashauri wanaosoma na wanaofundisha historia hiyo waiepuke. Mtoto wa kamanda anakaa kando ya ua wa kambi akipiga soga na mtoto mfungwa. Katika Auschwitz ua ulikuwa na umeme na walinzi, na watoto wengi wa Kiyahudi waliuawa siku ileile waliyofika. Mimi ningemsamehe Boyne mengi kwa sababu hakutumia jina la marehemu wa mtu.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoing'ang'ania, na kuna sababu ya karibu na nyumbani. Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana zaidi kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, akahamia Berlin mwaka 1929, akawa mhudumu wa hotelini na mwigizaji wa filamu, na akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwezi Novemba 1944. Katika Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2020, kuna Ilyas, ambaye njia yake kutoka uaskari mpaka Ujerumani ya Wanazi inafanana sana na ya Husen. Gurnah hakumpa Ilyas jina la Husen; alimbunia jina jingine, ukoo wake, dada yake. Akapata uhuru wa kubuni anachotaka, na Husen akabaki na tarehe zake.

Anayeniuliza kama asome riwaya ya Morris, namwambia asome. Akimaliza, amtafute Primo Levi, mkemia wa Turin, mfungwa namba 174517, aliyechapisha kumbukumbu zake za Auschwitz mwaka 1947. Levi anaeleza kijiko: asiyekuwa nacho hana namna ya kunywa supu yake kama binadamu. Anaeleza hesabu ya kupanga foleni ya supu, kwa kuwa wa mbele hupata maji na wa nyuma hupata vilivyozama chini ya sufuria. Vikundi vya wasomaji vinavyokusudia kusoma kisa cha Lale na Gita mwaka huu vitenge jioni mbili, na ya pili iwe ya Levi.