Megabaiti 256 nilizozionea uchungu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ya ukimya huo ndiyo mada ya leo. Ni kisa cha aibu kidogo kwangu, lakini heri nikiseme mwenyewe.

Nilikuwa nikitunza seva ya mteja mmoja, kikundi cha akiba na mikopo. Seva yenyewe si kubwa: gigabaiti 8 za memori, Linux, hifadhidata, na programu ya mikopo niliyoiandika kwa mkono wangu. Siku moja nikipitia mipangilio yake nikaona maneno crashkernel=256M kwenye mstari wa kuwashia keneli. Nikajiuliza, megabaiti 256 zimekaa bure hivi hivi, na hifadhidata yangu inalia njaa? Nikayafuta, nikaiwasha seva upya, nikajipongeza.

Mwisho wa mwezi, katikati ya kazi ya kupiga hesabu za riba, seva ilijizima na kujiwasha yenyewe. Nikafungua logi. Hakuna kitu. Mstari wa mwisho ni wa kazi ya kawaida, na unaofuata ni wa keneli ikiwaka. Mkenya yeyote akiona hivyo anajua la kusema: stima. Tukanunua UPS. Wiki mbili baadaye, tena. Nikasema ni vipande vya memori, tukanunua vipya. Tena! Mara ya tatu mhasibu wao, mama mmoja makini sana, akaniita kando.

"Kijana wangu, niambie kitu kimoja tu. Unajua tatizo, au unabahatisha?"

Nikamwambia, "Mama, nabahatisha."

Sasa tuelezane zile megabaiti zilikuwa za nini. Keneli ndiyo moyo wa mfumo wa kompyuta. Programu ya kawaida ikianguka, keneli iko pale kuandika ripoti. Lakini keneli yenyewe ikianguka, nani ataandika? Haiwezi kuaminiwa tena hata kuandika kwenye diski, maana huenda draiva ya diski ndiyo iliyoharibika, na inaweza kuandika juu ya data ya wateja. Ndiyo maana logi yangu ilikuwa tupu. Ujumbe wa kilio cha mwisho ulibaki ndani ya memori, haukufika kwenye diski. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeiagiza keneli ikipatwa na msiba ijiwashe upya baada ya sekunde 10, kwa macho ya nje ilifanana kabisa na stima kupotea.

Zamani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kulikuwa na mifumo kama LKCD, netdump na diskdump. Hiyo ilimwachia mgonjwa mahututi kazi ya kuandika cheti chake mwenyewe cha kifo. Mara nyingine aliweza, mara nyingine kalamu ilimponyoka. Kisha Agosti 2005, Linux 2.6.13 ikaja na wazo jingine, linaloitwa kdump. Wazo ni hili: mashine inapowaka, memori ikiwa bado safi, kata kipande chake ukiweke pembeni. Ndani yake pakia keneli ya pili, ndogo, iliyolala. Keneli ya kwanza ikianguka inaruka moja kwa moja hadi kwa ile ya pili kwa njia iitwayo kexec, bila kupitia BIOS, hivyo memori ya zamani haifutwi. Keneli ya pili inaamka ndani ya chumba chake kidogo, inaiona memori yote ya marehemu kama faili moja, /proc/vmcore, inaihifadhi kwenye diski au inaituma kwa seva nyingine, kisha inawasha mashine upya.

Wengi huuliza, kwa nini kipande hicho kitengwe tangu mwanzo? Si kikatwe wakati wa ajali? Hapana, kwa sababu wakati wa ajali hujui ni memori ipi salama. Kadi ya mtandao na ya diski huandika moja kwa moja kwenye memori bila kumuuliza mtu, na zinaweza kuendelea kuandika hata keneli ikiwa imekufa. Mahali pekee ambapo una hakika hapajaguswa ni pale ambapo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kupagusa. Kwa hiyo kule kukaa "bure" ndiko kazi yenyewe.

Ni kama tairi la spea la matatu. Utingo akilitoa ili apate nafasi ya gunia moja la viazi, safari mia zitakwenda sawa na atakuona mjinga ukimkanya. Mpaka siku ya pancha, usiku, kati ya Salgaa na Mau Summit.

Basi nikayarudisha yale maneno. Na hapa nikajifunza la pili. Nilitaka kujaribu kama kweli yanafanya kazi, kwa hiyo usiku mmoja, kwa ruhusa ya mteja, nikaiangusha seva kwa makusudi kwa amri ya echo c > /proc/sysrq-trigger. (Usijaribu hii kwenye mashine ya watu wakiwa kazini. Keneli itakufa papo hapo, si mchezo.) Keneli ya pili iliwaka vizuri, kisha ikaishiwa memori kabla ya kumaliza kazi. Megabaiti 256 hazikutosha draiva zote za kadi zilizokuwa kwenye mashine ile. Maana yake hata nisingezifuta siku ile, nisingepata kitu! Tulikuwa na tairi la spea lisilo na upepo. Nikaongeza hadi megabaiti 384, nikaiangusha tena, na safari hii faili likatokea ndani ya /var/crash.

Ajali ya nne ilikuja yenyewe. Safari hii sikubahatisha. Programu ya makedumpfile ilikuwa imeacha kurasa tupu na zile zisizo na maana, kwa hiyo faili la mashine ya gigabaiti 8 likawa chini ya gigabaiti 1. Nikalifungua kwa programu iitwayo crash, nikaomba mlolongo wa kazi zilizokuwa zikiitwa wakati wa kifo, na pale juu kabisa ikasimama draiva ya kadi ya diski. Keneli mpya zaidi ilikuwa tayari na marekebisho ya draiva hiyo. Nikasasisha, na tangu hapo seva imetulia. UPS na vipande vipya vya memori havikuwa na hatia, lakini risiti zake mama yule bado anazo.

Najua hoja ya upande wa pili, maana ilikuwa yangu: memori ni pesa. Ni kweli. Tupige hesabu. Megabaiti 384 kati ya gigabaiti 8 ni chini ya asilimia 5. Red Hat Enterprise Linux 9, iliyotoka 2022, hutenga kwa kawaida megabaiti 192 kwa mashine ya gigabaiti 1 hadi 4, megabaiti 256 kwa ya gigabaiti 4 hadi 64, na 512 kwa zinazozidi hapo. Kwenye seva ya kukodi ya gigabaiti 1, hizo 192 ni karibu moja ya tano ya mali yako yote. Hapo sitakulaumu ukiamua kuacha. Tumia njia nyingine, kwa mfano kutuma ujumbe wa keneli kwa mashine jirani kwa netconsole. Ila iwe umeamua kwa kujua, si kwa kufuta usichokielewa kama nilivyofanya mimi.

Na mambo yanakuwa nafuu. Linux 6.17 ya 2025 ilileta njia ambayo sehemu kubwa ya memori iliyotengwa hukopeshwa programu za kawaida mashine ikiwa hai, na keneli ya pili huichukua siku ya ajali. Kipande kidogo cha kutoguswa bado kinahitajika, na memori ya programu zilizokopeshwa haitaonekana kwenye picha ya ajali. Kwa anayetafuta kosa la keneli, si hasara kubwa.

Ukiwa na seva inayobeba kazi ya watu, soma /sys/kernel/kexec_crash_size ujue kiasi ulichotenga, na /sys/kernel/kexec_crash_loaded uone kama keneli ya pili iko tayari. Ikisema 0, huna kitu. Anza na kiasi kikubwa kidogo, kwa sababu kukipunguza mashine ikiwa inakimbia kunawezekana, lakini kukiongeza ni mpaka uwashe upya. Iangushe mwenyewe mara moja kabla haijaanguka yenyewe. Na faili lile lilinde kama pesa, kwa maana ndani yake mnaweza kuwa na nywila na taarifa za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitakuuliza kama ulikuwa unatafuta kosa la keneli.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi nilitunza seva ya watu wa akiba, na akiba ya seva yao nikaitumia vibaya. Siku hizi mteja akiniuliza kwa nini mashine yake haionyeshi gigabaiti 8 kamili, namwambia zile zinazokosekana ndizo zitakazoniwezesha kumjibu siku atakaponiuliza kama najua au nabahatisha.

Haya, kwaherini kwa leo.