Kasuku: Kuomba chumba kinachofaa si kiburi

Kunako mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, kuna neno linalozunguka kila mahali wakimbizi wa ndani wanapopokelewa: «Mkimbizi hachagui chumba.» Anaambiwa mama mwenye mimba anayelala mlangoni, pale watu wote wanapopitia. Anaambiwa mzee asiyeweza kupanda ngazi. Neno hilo ni baya, na imefika wakati liachwe.

Angalieni mambo ya otelini. Mtu wa kazi anashuka ndege kutoka Kinshasa, anaomba chumba mbali na kelele ya jenereta, chenye chandarua kizima. Mpokeaji anaandika. Chumba kikiwepo anapewa, kisipokuwepo anaambiwa kwa adabu. Hakuna anayemwita mwenye kiburi. Basi kwa nini mama aliyetembea siku nyingi porini, mtoto mgongoni, akiomba kona isiyovuja, aambiwe hana shukrani? Tofauti yao ni pesa tu, na malaria haiulizi pesa.

Wengine wanajibu: vyumba ni vichache, kila mtu ana shida yake, mmoja akisikilizwa wote wataomba. Lakini uchache ndio sababu ya kuulizana. Watu wakinyamaza, chumba kizuri hakibaki kitupu: kinachukuliwa na aliyefika wa kwanza, au mwenye nguvu, au jamaa wa yule anayegawa. Kimya hakijawahi kuleta usawa.

Isitoshe, haki hiyo imeandikwa. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika tarehe 6 desemba 2012, unataja kwa wazi wanaostahili ulinzi wa pekee: wenye mimba, akina mama wenye watoto wadogo, wanawake wanaoongoza familia, watoto waliopotezana na wazazi, wazee na walemavu. Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika ya kiutu, zinataka kila mtu apate angalau mita 3.5 za mraba chini ya paa, na choo cha pamoja kisipite mita 50. Familia ya watu 6 inahitaji basi mita 21. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina 12 tu. Anayeomba nafasi zaidi hapo haombi anasa.

Kuomba kuna utaratibu wake. Mtu aseme siku ya kwanza, wakati wa kuandikwa majina, asingoje watu wapange mizigo. Aseme sababu: «Baba hawezi ngazi», «Binti zangu wanaogopa kwenda choo usiku». Anayetaka dirisha la kutazama barabara, huyo anaweza kungoja.

Wenyeji nao wasikie. Familia nyingi zimefungua milango zikiwa na kidogo, na hilo ni la kusifiwa. Lakini wahenga waliosema siku ya tatu mgeni apewe jembe hawakusema alale amekaa. Atalima namna gani kama usiku kucha hakufumba macho? Na anayesikiliza ombi si lazima akubali kila kitu. Akisema «hakuna, lakini tutabadilishana wiki ijayo», amefanya kazi yake.

Wakuu wa kartie na kamati za wakimbizi wasingoje kuombwa. Waulize kila familia: nani ana mimba, nani haoni, nani amekohoa zaidi ya wiki 2? Huyo wa mwisho apelekwe kituo cha afya kabla ya kuwekwa chumba kimoja na watoto wachanga.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mvua ikinyesha usiku huu, aliyenyamaza atalowa pamoja na watoto wake, na kesho hakuna atakayemshukuru kwa kunyamaza. Mama, baba, ombeni mapema. Na ninyi mnaogawa vyumba, acheni kuwaaibisha.