Si Kila Ajali Isiyo na Kinga

Kila ajali mbaya inapotokea nchini, hutuarifiwa kwamba gari "lilipoteza mwelekeo". Mimi, ambaye kazi yangu ni isimu, hukereka nisomapo maneno hayo. Katika sentensi hiyo gari ndilo mtenda. Dereva hayumo, wala mwendo aliouchagua haumo. Kisha waombolezaji hufarijiana kwa kusema kuwa ajali haina kinga. Hivyo ndivyo sarufi na methali zinavyoshirikiana kulifunga jambo kabla halijachunguzwa.

Mnamo Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena liliwavamia wachuuzi, abiria na magari katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho. Watu zaidi ya 50 waliangamia. Wapo waliowalaumu wachuuzi kwa kuuzia bidhaa kando ya barabara. Ni wachache waliouliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa fizikia angeliuliza: chombo kile kilikuwa na nishati kiasi gani?

Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo la kitu ikizidishwa kwa mraba wa kasi yake. Maana yake ni kwamba ukiongeza shehena maradufu, nishati huongezeka maradufu. Lakini ukiongeza kasi maradufu, nishati huongezeka mara nne. Jambo hili si geni. Mholanzi Willem 's Gravesande alilidhihirisha katika miaka ya 1720 kwa kudondosha tufe za madini katika udongo laini na kupima vina vya mashimo yaliyotokea.

Tuichukue matatu ya tani 3 pamoja na abiria wake. Kwa kilomita 50 kwa saa, ikigonga ukuta ni kana kwamba imeanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 100 kwa saa, kimo hicho kinafika mita 39, ghorofa ya 13. Nalo lori la tani 30, likienda kwa kasi ile ile ya matatu, lina nishati mara kumi.

Ndiyo maana kanuni za Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004 zilidai vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Wako wanaodhani kwamba kutoka 80 hadi 100 ni nyongeza ndogo. Kasi imeongezeka kwa robo tu, lakini nishati imeongezeka kwa asilimia 56, na yote hiyo yapasa imezwe na breki zile zile.

Sisemi kwamba mwandishi amhukumu dereva kabla ya uchunguzi. Nasema aulize gari lilikuwa likienda kasi gani, na lilibeba tani ngapi. Hata breki zinaposhindwa, mara nyingi zimeshindwa na nishati ambayo mtu fulani aliiruhusu: dereva, mwenye gari, au askari aliyelipungia mkono lipite.

Nanyi walimu wenzangu, hesabu hii msiiache katika karatasi ya mtihani. Ifanyeni ubaoni kwa mfano wa matatu inayowaleta wanafunzi wenu shuleni. Yule anayejua maana ya mraba wa kasi atathubutu kumwambia dereva apunguze mwendo, na hatanyamazishwa kwa methali.