Diwani Wako Unamjua?

Pale kijiweni kila mtu bingwa wa kulaumu: "Halmashauri wanakula tu!" Muulize diwani wake nani, anakuna kichwa.

Chukua Tanga, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2005. Baraza la madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mlango uko wazi: unaingia, unakaa, unasikiliza. Hapo ndipo bajeti inapopitishwa.

Na tangu 2018 sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikopeshwe bila riba: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Hiyo ya vijana ni yako, mshikaji! Wenzako wameshaunda kikundi, wewe bado unapiga soga.

Haya, tukutane wiki ijayo.