Mafahali Wawili, Zizi Moja

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Siwapingi wahenga, lakini katika tarakilishi jambo hili linawezekana. Zizi hugawanywa kwa ukuta, na fahali anayeamka ni mmoja tu kwa wakati mmoja.

Wasomaji wapenzi, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Tarakilishi nyingi kuukuu, kama zile za maabara yetu, hazikubali Windows 11 kwa kuwa hazina kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Sasa nasikia watu wakisema eti zitupwe. Jamani! Sisi ni wa shule ya kutwa. Wengi wetu tukifika nyumbani jioni hakuna tarakilishi. Hizi zikienda, kipanya tutakijua kwa picha ya kitabuni.

Maoni yangu ni kwamba kila tarakilishi iwekewe mifumo miwili. Windows ibaki kwa masomo, kwa sababu vitabu vyetu hufundisha Word, Excel na Access, na Access haimo katika Linux. Lakini isiunganishwe na mtandao. Linux iongezwe kwa kazi za mtandao na kwa kujifunza kuandika programu. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Ufini, akiwa na miaka 21 tu. Aina yake moja, Linux Mint, ni ya bure kabisa, na hutosheka na RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 20 kwenye diski.

Kazi yenyewe si uchawi. Kwanza, faili zote zinakiliwe mahali pengine. Pili, sehemu ya Windows ipunguzwe ili nafasi ipatikane. Tatu, tarakilishi iwashwe kwa flashi yenye Linux, kisha uchague kuiweka kando ya Windows. Hapo macho yawe wazi, maana ukichagua kufuta diski yote, Windows imekwenda! Baadaye, kila ukiwasha mashine, menyu itakuuliza unataka mfumo upi.

Wako watakaosema mshika mbili moja humponyoka. Kweli, usumbufu upo. Ukitoka Linux ukaingia Windows, saa yaweza kurudi nyuma kwa saa 3, kwani mmoja huweka saa ya dunia na mwingine husoma saa yetu ya Afrika Mashariki. Saa nne asubuhi utaambiwa ni saa moja! Lakini amri moja tu ndani ya Linux humaliza shida hiyo.

Walimu wetu, tunaomba tarakilishi moja tu, ile mbovu zaidi, na Jumamosi moja. Tukishindwa, itupwe. Tukifaulu, zilizobaki zisiguswe na muuza vyuma vikuukuu.